Vumbi Halina Tarehe

Ukitaja vumbi la mjengo mbele ya wanasheria, hakosekani mmoja wa kukujibu: "Lakini sheria ipo." Kweli ipo. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Tuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo, ile ambayo kila mtu anaiita WIBA. Ugomvi wangu na WIBA ni kwamba imeandikwa kana kwamba mfanyakazi huumia siku moja, saa fulani, mbele ya mashahidi. Kidole kikikatwa na mashine, inajua la kufanya. Mapafu yakiharibika polepole kwa miaka kumi na tano, inaanza kuuliza maswali ambayo fundi hana majibu yake.

Mawe, mchanga, zege na vigae vina madini yanayoitwa silika. Ukikata granaiti kwa grainda bila kumwagia maji, vumbi linalokujaa puani si tatizo kubwa, hilo utalipenga. Hatari ni chembe ambazo hata huzioni. Hizo zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, zinakaa huko, na pafu linajijengea makovu kuzizunguka. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, na humweka mtu katika hatari kubwa ya kupata TB. Ndiyo maana Australia, tangu tarehe 1 Julai 2024, imepiga marufuku mawe ya kutengenezwa yale ya kaunta za jikoni, kwa sababu waliokuwa wakiyakata walikuwa vijana na walikuwa wanakufa. Hizo kaunta zinazong'aa ndizo tunazopigia picha kwenye apatimenti mpya za Kilimani na Ruaka.

Kwenye ploti yetu kuna mzee ambaye amekata mawe maisha yake yote. Ametibiwa TB mara mbili. Mara ya pili makohozi yake hayakuonyesha viini, lakini dawa alipewa tu. Hakuna hata siku moja alipoulizwa anafanya kazi gani. Nilipomwambia, "Mzee, unaweza kudai fidia," alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Kijana, nimdai nani? Kontrakta alikuwa ananilipa kwa M-Pesa, jina lenyewe lilikuwa la bibi yake."

Tuchukulie anamjua wa kumdai. WIBA inampeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani DOSH. Hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, inatosha kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Hapo naisifu sheria, kwa sababu kesi za uzembe huwa ndefu na ghali. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mishahara ya miezi 96. Ulemavu wa sehemu hulipwa asilimia yake. Aliyekuwa akipata Sh20,000 kwa mwezi, akipimwa na kuonekana amepoteza asilimia 30, atapata Sh576,000. Uchungu, usiku wa kulala umekaa kwa sababu ukilala chali unakosa pumzi, hayo hayamo kwenye hesabu.

Hizo pesa zenyewe lazima azifikie. Dai linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 12. Miezi 12 tangu lini? Ajali ina tarehe. Vumbi halina tarehe. Fundi amepita kwa makontrakta ishirini, kila mmoja akimpulizia kiasi chake. Atamtaja yupi?

Na mlango wa mahakama umefungwa. Kifungu cha 16 cha WIBA kinasema mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri wake kudai fidia ya ajali wala ya ugonjwa wa kazini, isipokuwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Chama cha Mawakili kilikipinga, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nacho. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi huo. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: kifungu kinabaki.

Sasa linganisha na Owino Uhuru, Mombasa. Wakaazi waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri walikwenda mahakamani wakishikilia haki yao ya kikatiba ya mazingira safi. Mwaka 2020 wakapewa Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikawanyang'anya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Nilifurahi nao. Lakini fikiria maana yake. Jirani wa kiwanda anaweza kusimama mbele ya jaji na kutaja kila alichopoteza. Anayekesha ndani ya kiwanda hicho, akivuta hewa hiyo hiyo kwa karibu zaidi, anaambiwa akajaze fomu. Ukuta wa kiwanda ndio unaoamua nani ni raia na nani ni mfanyakazi.

Afrika Kusini walikuwa na ukuta kama huo. Thembekile Mankayi alichimba dhahabu miaka mingi, akapata ugonjwa wa mapafu, na mfuko wa serikali ukamlipa randi 16,320. Akashtaki kampuni. Akaambiwa kwamba sheria ya fidia inamzuia. Alibisha mpaka Mahakama ya Katiba, na mwaka 2011 ikaamua kwamba hazuiwi. Alifariki siku chache kabla hukumu haijasomwa. Lakini mlango alioufungua ukapitiwa na maelfu: mwaka 2019 mahakama ikaidhinisha makubaliano ya kuwalipa wachimbaji wenye silikosisi na TB, na kampuni za dhahabu zikatoa takriban randi bilioni 5. Wengi wao walikuwa wametoka Lesotho na Msumbiji, na walikuwa wamesharudi makwao.

Hapa kwetu, mpaka Bunge lizinduke, upo ufa mmoja ambao ningependa kila fundi aujue. Kifungu cha 16 kinamkinga mwajiri wako peke yake. Hakimkingi mwenye jengo, wala kontrakta mkuu ambaye hakukuajiri. Na kontrakta wa Kenya ana tabia moja: mambo yakiharibika, anasema hakujui. "Huyo si wangu. Alikuja na fundi mwingine. Alikuwa anajifanyia kazi yake." Sawa, boss. Kama mimi si mfanyakazi wako, basi wewe si mwajiri wangu, na ngao ya WIBA umeivua mwenyewe. Nakushtaki kwa uzembe kama mtu mwingine yeyote aliyeumizwa ndani ya eneo unalolisimamia. Muda wa kawaida ni miaka mitatu, lakini sheria inaruhusu mtu kuomba kibali cha kuchelewa kama hakuwa na njia ya kujua mapema. Ila akikiri kwamba ni mwajiri, basi alete bima ambayo WIBA inamlazimisha awe nayo. Achague moja. Kula huku na huku imetosha.

Sisemi ni rahisi. Atahitajika wakili, na itahitajika eksirei iliyosomwa na daktari anayejua anachotafuta. Kwa hivyo anza mapema. Ukienda hospitali na kifua, taja kazi yako hata kama hujaulizwa, na udai iandikwe kwenye faili. Daktari akishuku ugonjwa wa kazini, sheria inamtaka aiarifu DOSH, na wewe mkumbushe. Meseji za M-Pesa usizifute, ndizo payslip yako. Piga picha za site, weka namba za wenzako mliofanya kazi pamoja. Kama ulikuwa kibarua wa siku na ukafanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima au zaidi, Sheria ya Ajira haikuhesabu tena kuwa kibarua, hata kama hukuwahi kusaini karatasi. Mwajiri akikataa kupeleka ripoti, nenda ofisi ya DOSH mwenyewe. Ukipewa asilimia ambayo huielewi, una siku 60 za kupinga, na ukishindwa hapo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Leba.

Lakini nakataa mzigo wote huu uachiwe mtu asiyeweza kupanda ngazi bila kupumzika. Ninataka mambo matatu kutoka kwa Bunge. Mosi, kwa magonjwa ya vumbi, muda uanze kuhesabiwa siku daktari anapouandika ugonjwa kwa jina lake, na iandikwe hivyo waziwazi. Pili, kila anayeacha kazi ya vumbi apigwe eksirei kwa gharama ya mwajiri na aondoke na nakala mkononi. Tatu, kifungu cha 16 kimwachilie mgonjwa aende mahakamani pale ambapo mwajiri alijua vumbi ni hatari na hakuleta hata bomba la maji.

Bomba la maji. Nalitaja makusudi. Kumwagia jiwe maji wakati wa kulikata hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, na teknolojia yake ni pipa na mpira. Siku tunayoona mnara mpya ukipanda Westlands na fundi ndani ya wingu jeupe, tujue kuna mtu alipiga hesabu akaona mapafu ya yule kijana ni rahisi kuliko maji. WIBA ilivyo leo, hesabu yake haikukosea. Kazi yetu ni kuifanya ikosee.