Mali bila daftari, seva bila historia

Wafanyabiashara wa hapa Marikiti wanaujua msemo huu kuliko sisi watu wa kompyuta: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye daftari la mkopo, jina la aliyelipa hupigwa mstari tu. Bado utasoma nani alichukua nini, na lini.

Sasa ingia kwenye seva ya Linux ya ofisi ndogo. Mipangilio yake karibu yote inakaa kwenye /etc, na humo utakuta smb.conf, smb.conf.zamani na smb.conf.mpya2. Ipi ndiyo ipi? Nani aliibadilisha, na kwa nini? Fundi aliyejua keshahamia Dubai.

Maoni yangu ni haya: fundi anayekabidhi seva bila historia ya mipangilio yake amekabidhi nusu ya kazi.

Na dawa ni ya bure. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza kila badiliko pamoja na tarehe, jina na sababu. Lakini Git peke yake haikumbuki mwenye faili wala ruhusa zake zote, na kwenye /etc hilo si jambo dogo. Ndiyo maana Joey Hess aliandika etckeeper mwaka 2007. Kwenye Debian au Ubuntu:

sudo apt install etckeeper

Kuanzia hapo, apt ikiweka au kuondoa programu, mabadiliko yanaandikwa yenyewe. Ukibadilisha kwa mkono, andika sababu:

sudo etckeeper commit "Folda mpya ya wahasibu"

Ukitaka kujua yaliyopita:

sudo git -C /etc log -p samba/smb.conf

Najua kuna watakaosema, "Si tuna bakapu?" Jamani, bakapu inakurudishia jana, haikuambii kwa nini leo si kama jana. Tena historia iliyo kwenye diski hiyo hiyo hufa na diski. Kwa hiyo mnahitaji vyote viwili.

Onyo moja: ndani ya /etc mna faili ya shadow, yenye nywila zilizofumbwa, na funguo za siri. Usiipeleke GitHub ikaonwa na kila mtu. Kuifuta kesho hakutasaidia, maana daftari hili halisahau.

Haya, wenye seva: lenu liko wapi?