Hesabu za Korosho Zinahitaji Dungu

Mkulima wa Newala hangoji nguruwe wale muhogo ndipo ajenge dungu. Hulijenga mapema, mazao yakiwa bado machanga, na juu yake humweka mtu mwenye kazi moja tu, nayo ni kukesha. Baada ya hapo mwenye shamba huweza kwenda msibani au hospitali akijua kwamba jicho limebaki nyuma. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, akishapeleka korosho zake ghalani, hurudi nyumbani na kipande cha karatasi mkononi, na huko alikoziacha hakuna dungu lolote.

Tangu msimu wa 2007/08, ulipoanza mkoani Mtwara utaratibu wa stakabadhi ghalani, korosho hupimwa katika chama cha msingi, hupangwa daraja, hupelekwa ghala kuu, kisha huuzwa mnadani na chama kikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na wilaya jirani. Fedha humfikia mkulima baadaye, kwa njia ya benki, makato yakiwa yamekwisha kutolewa. Utaratibu huu ulikuja kumwokoa mkulima na kangomba, ule ulanguzi wa vichochoroni wenye vipimo visivyo halali, na kwa hilo unastahili kutetewa.

Hata hivyo, kati ya siku ya mizani na siku ya malipo kuna pengo, na ni katika pengo hilo haki hupotea. Mkulima amepeleka mzigo mara tatu. Je, daftari litakalofika benki ni lile lenye mizigo mitatu, au ni nakala ya zamani yenye miwili? Nani atajua, naye yuko shambani akiokota korosho nyingine? Aprili 2013, wilayani Liwale, mkoa wa Lindi, ugomvi juu ya malipo ya korosho uliishia katika kuchomeana nyumba. Na Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi timu za uhakiki zipite vijijini kumtenga mkulima wa kweli na mlanguzi. Mwenye haki akangoja pamoja na mdanganyifu, kwa sababu ulinzi ulifika baada ya mzigo.

Jambo hili wamelitafakari pia watu walio mbali kabisa na mikorosho. Mwaka 2015 Joseph Poon na Thaddeus Dryja walipendekeza mtandao wa Lightning, ambamo watu wawili wenye sarafu ya Bitcoin hufungua njia ya malipo baina yao. Wawili hao hulipana mara nyingi bila kuandika kila malipo katika daftari kuu la wote. Kila malipo huzaa hesabu mpya, na ya zamani hubatilika. Hatari iko wazi: mwenzako aweza kungoja umezima kompyuta yako, akapeleka hesabu ya zamani inayompendelea yeye. Sheria ya mtandao humpa aliyedhulumiwa muda wa kupinga, kwa kawaida kuanzia siku moja hadi majuma mawili. Akipinga kwa wakati, mdanganyifu hunyang'anywa fedha zote zilizomo katika njia ile. Akilala, imekula kwake.

Ndipo wakabuni dungu lao. Ni kompyuta isiyozimwa, yenye umeme na intaneti ya uhakika, inayosoma daftari kuu kila ukurasa mpya unapotoka, takriban kila dakika 10. Kila hesabu inapobatilika, mwenye fedha huitumia kompyuta hiyo bahasha iliyofungwa kwa kufuli la siri, yenye alama ndogo juu yake. Mlinzi hajui kilichomo ndani. Ni pale tu hesabu ya zamani inapotokeza katika daftari kuu ndipo alama hulingana, bahasha hufunguka, na hati ya adhabu iliyotiwa sahihi tangu awali hupelekwa. Ufunguo wa fedha haufiki kwa mlinzi hata siku moja. Naye aweza kulala, umeme ukikatika. Kwa hiyo mwenye busara huweka madungu mawili au matatu, kila moja mahali pake.

Hapa haisemwi kwamba mkulima wa Masasi alipwe kwa sarafu hizo. Novemba 2019 Benki Kuu iliwatahadharisha wananchi juu yake na kukumbusha kuwa fedha halali nchini ni shilingi. Kinachofaa kuazimwa ni mpango wa ulinzi wenyewe, nao hauhitaji kompyuta.

Kila jioni ya mizani, nakala ya daftari la chama cha msingi, yenye sahihi za karani na wakulima wawili, ikabidhiwe kwa mtu asiye kiongozi wa chama hicho. Mwalimu wa hisabati wa shule ya kijiji anafaa. Nakala ya pili ikae kwa ofisa mtendaji. Hawa wasiwe na mamlaka ya kulipa wala ya kubadili hata tarakimu moja. Kabla benki haijatoa fedha, orodha ya malipo ibandikwe ubaoni kwa siku saba, nao wailinganishe na nakala walizo nazo. Na adhabu ya kupeleka daftari lililobatilika iandikwe katika masharti ya chama kabla msimu haujafunguliwa, isije ikatungwa katikati ya hasira.

Watakuwapo watakaosema kwamba mwalimu ana kazi nyingi, na kwamba naye ni binadamu, aweza kuhongwa. La kwanza ni kweli, na posho yake haina budi kutengwa. La pili lina uzito mdogo kuliko linavyosikika, kwani anayetaka kudanganya atalazimika kuwahonga watunza nakala wote wawili, pamoja na karani, na bado mkulima ana stakabadhi yake mfukoni.

Minada huanza Oktoba. Mikutano mikuu ya vyama vya msingi inayotangulia msimu ndiyo mahali pa kuwachagua watunza nakala hao, na bei ya karatasi na kaboni kwa msimu mzima haifiki thamani ya gunia moja la korosho.