Majani manne na gunia la magome

Brussels, Ubelgiji

Wazee wangu na wadogo zangu wa Kilimanjaro,

Habari nimezipata kwenye kundi la ukoo, tena kwa sauti zilizokuwa zikipishana: binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, amepita kwenye vihamba vya huko juu akiomba majani machache ya mti wetu wa dawa, mkondekonde, akafukuzwa. Mzee mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa ni mjomba wangu, akasema wazungu wamemtuma akachukue vinasaba vya miti yetu wakaviuze. Wengine mkamwitikia kwa vicheko na vidole gumba. Nimeona nisijibu kwa sauti ya dakika moja. Jambo lenyewe ni refu, na mimi naishi katika mji ambao umewahi kulipa gharama kubwa kwa kutojua mmea uliomo ndani ya dawa.

Niwasimulie hilo kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapa Brussels palikuwa na kliniki ya kupunguza unene iliyowapa wanawake vidonge vyenye mchanganyiko wa mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulitakiwa uwe Stephania tetrandra, ambao Wachina huuita fangji. Badala yake ukaingia mwingine kabisa, Aristolochia fangchi, ambao sokoni kwao huitwa guang fangji. Mizizi ya mimea hiyo ikishakaushwa na kusagwa, macho hayawezi kuitenganisha. Aristolochia ina asidi inayoharibu figo. Mwaka 1993 madaktari wa hapa waliandika habari za wagonjwa wa kwanza katika jarida la Lancet, na baadaye idadi ikapita 100. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye. Aliyeandika dawa hakukusudia kumuua mtu. Unga ulikuwa umepewa jina lisilo lake, basi.

Sasa fikirieni meza ya dawa za miti shamba pale Moshi mjini, au Kariakoo. Chupa kumi na tano za unga wa kahawia, nyingine wa manjano. Ukimuuliza muuzaji huu ni mti gani, atakutajia jina alilopewa na aliyemletea, naye huyo alipewa na mchimbaji. Simlaumu muuzaji, maana hata mimi niliyezaliwa chini ya miti hiyo siwezi kuapa kwamba unga fulani ni mkondekonde na si gome la mti mwingine lililochanganywa ili gunia lijae.

Hapo ndipo vinasaba vinapoingia. Mimi si profesa. Ni fundi sanifu wa maabara, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kusaga majani. Nakata kipande cha jani kavu, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, nakitia kwenye kichupa pamoja na vigololi vya chuma, mashine inakitikisa mpaka kinakuwa vumbi. Naongeza maji ya dawa yenye joto, nazungusha, namwaga, naosha. Mwishoni kinabaki kitone cha maji maangavu ambacho usingedhani kina kitu. Humo ndimo mlimo vinasaba. Hatusomi vyote. Tunanakili sehemu fupi mbili au tatu tu, tunazisoma herufi kwa herufi, kisha tunalinganisha na za mimea inayojulikana. Wazo hilo alilitangaza Paul Hebert wa Kanada mwaka 2003 kwa ajili ya wanyama: kila kiumbe kisomwe kama mistari myeusi inayosomwa na mashine ya dukani. Wataalamu wa mimea walikubaliana mwaka 2009 watumie sehemu mbili, rbcL na matK, na kwa mimea ya dawa wengi huongeza ya tatu, ITS2.

Msidhani mashine ya kusoma vinasaba ni mganga wa ramli. Magome ya mkondekonde yana utomvu na tanini zinazovuruga kazi, na unga uliokaa juani miezi unakuwa na vinasaba vilivyokatikakatika. Dawa iliyochemshwa na kuchujwa mpaka ikabaki kiini chake inaweza isiwe na kinasaba hata kimoja, ingawa ni ya kweli. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliyashutumu maduka makubwa kwamba vidonge vyao vingi havikuwa na mimea iliyoandikwa kwenye kopo, na wataalamu wakamjibu kwamba kipimo cha vinasaba peke yake hakifai kwa dawa zilizochujwa, lazima kemia ishirikishwe. Nakubaliana nao. Tena vinasaba havisemi kama ulichosaga ni mzizi au jani, wala kipimo cha kunywa ni kijiko kimoja au vitatu. Mambo hayo bado yako kwa mganga, na kwa wale wanaoyachunguza kama Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili.

Lakini kuna udhaifu mwingine, na huo dawa yake iko mikononi mwenu. Mashine hailinganishi na hewa. Inalinganisha na jani ambalo mtu alilichuma kwenye mti uliosimama, akaukagua mti wenyewe, akaandika jina, mahali, mwinuko na tarehe, akalikausha na kulihifadhi. Jirani na hapa, Meise, kuna bustani ya mimea yenye hifadhi ya majani makavu ya namna hiyo, karatasi takriban milioni 4, na mkusanyiko mkubwa mno wa Afrika ya Kati. Nimezishika karatasi kama hizo. Jani limekuwa rangi ya chai, tawi limeshonwa kwa uzi, na pembeni kuna maandishi ya wino: msitu wa mlimani, mti mrefu, majani yakipondwa yananukia lozi chungu, na jina ambalo mwenyeji alilitaja siku ile. Hilo la harufu ya lozi mnalijua. Mtoto yeyote wa kihambani aliyewahi kufikicha jani la mkondekonde analijua.

Binti yule alikuwa na kazi hiyohiyo. Majani mengine hubanwa kwenye magazeti na kupelekwa hifadhini, Dar es Salaam au Arusha. Mengine hutiwa kwenye mfuko wenye chembechembe za silika, zile zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu kunyonya unyevu. Majani manne yanatosha. Mti wala hautajua.

Linganisheni na gome. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya kutumia gome la mti huu kwa ugonjwa wa tezi dume, ugonjwa ambao wazee wetu walikuwa wakiuchemshia gome hilo siku zote. Tangu hapo Ulaya imekuwa ikila magome ya Kameruni, Madagaska, Kenya, Uganda na Kongo kwa maelfu ya tani. Hapa mtaani kwangu kopo lake linauzwa kwa jina la Pygeum, jina la zamani la kisayansi. Siku hizi vitabu vinasema Prunus africana, ndugu wa mapichi. Kopo halitaji mlima wala nchi. Mwaka 1995 mti uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, maana yake hauvuki mpaka bila kibali, na hadi leo umo kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. Sababu si ngumu. Ukichukua robo mbili za shina zinazotazamana, kuanzia usawa wa kifua hadi tawi la kwanza, kwenye mti mnene, gome huota tena baada ya miaka. Ukiumenya mzunguko mzima, umeuua. Na wenye haraka humenya mzunguko mzima, tena huanza na miti mikubwa, ambayo ndiyo inayolisha mbega na hondohondo na kumwaga mbegu.

Jambo lililonishangaza zaidi tangu nianze kazi hii ni hili. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliosoma vinasaba vya mkondekonde kutoka nchi tisa za Afrika. Kwa macho mti ni uleule. Kwa vinasaba, miti ya mashariki ya Bonde la Ufa na ile ya magharibi yake ni makundi mawili, ya Kusini mwa Afrika ni kundi jingine, ya Madagaska imejitenga mbali na wote, na miti ya Uganda ina undugu wa karibu na ya Kameruni, ng'ambo ya bonde zima la Kongo. Inaonekana zamani, hali ya hewa ilipokuwa nyingine, palikuwa na njia ya misitu iliyounganisha milima ya mashariki na ya magharibi. Kwa hiyo mtu anayesema "msitu wa Kameruni ukiisha, wa Kilimanjaro upo" hajaelewa kitu. Kila mlima umebeba fungu lake, na fungu likipotea halikopwi kwa jirani. Pia gunia likikamatwa bandarini, na kama sampuli za kulinganishia zipo, linaweza kuulizwa limetoka upande gani wa Afrika. Wafanyabiashara wa magendo hawaipendi habari hii.

Turudi kwa mjomba, kwa sababu hofu yake ina msingi. Hataza ile ya 1966 haikumtaja mzee yeyote wa Kiafrika. Leo kuna Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inayotaka ridhaa na mgawo wa faida kabla mtu hajachukua mali ya kijenetiki ya nchi nyingine. Mei 2024, huko Geneva, ulipitishwa mkataba unaotaka mwombaji wa hataza aseme mali hiyo na maarifa ya wenyeji amevipata wapi. Kasoro iliyobaki ni kwamba herufi za vinasaba zikishasomwa husafiri kwa barua pepe, na forodha hawana mizani ya kuzipima. Kwa ajili hiyo mwaka 2024, huko Cali, Kolombia, nchi zilikubaliana kuunda mfuko ambao kampuni zinazonufaika na herufi hizo zinatakiwa kuuchangia. Zinatakiwa, nimesema. Sitawadanganya kwamba fedha zitafika kwetu Rombo kesho.

Basi muulizeni maswali anayekuja, msimfukuze. Umetoka chuo gani? Barua ya ofisi ya kijiji iko wapi, na kama ni mgeni, kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kiko wapi? Jani litahifadhiwa wapi hapa nchini? Jina la aliyekuonyesha mti litaandikwa? Herufi zikishasomwa, nani atatuletea majibu, na kwa lugha gani? Akijibu, mpelekeni mpaka kwenye mti mkubwa mnaoujua nyinyi. Kinachoniudhi ni kwamba mchuuzi mwenye pikipiki akija kutaka gunia la magome hamumuulizi hata jina lake la pili, mnauliza bei ya kilo.

Na kabla hajaja mwanafunzi mwingine, kuna kazi isiyohitaji maabara. Mbegu za mkondekonde hazivumilii kukaa muda mrefu. Huwezi kuziweka ghalani miaka kama mahindi, kwa hiyo mti huu hauokolewi kwa kuufungia kwenye friji ya Ulaya, unaokolewa ukiwa umesimama. Vitalu vingi huokota mbegu chini ya mti mmoja ulio karibu na barabara, na miche yote inakuwa ya mama mmoja. Wataalamu wa miti hushauri mbegu zitoke kwa miti isiyopungua 30, iliyoachana mita 50 au zaidi. Msilete mbegu kutoka ng'ambo ya Bonde la Ufa eti kwa sababu ni rahisi. Matunda yakiiva, gawaneni vitongoji, kila mmoja aokote chini ya miti yake, aandike kitongoji kwenye mfuko, zipandwe wiki hiyohiyo. Niandikieni viriba vinauzwaje siku hizi pale Moshi. Fedha ya vya kwanza nitaituma mimi, na mjomba ndiye awe msimamizi wa kitalu.