Kipaumbele si dharura

Usiku wa tarehe 25 Januari, 1990, ndege aina ya Boeing 707 ya shirika la Avianca la Colombia ilianguka Cove Neck, katika kisiwa cha Long Island, ikijaribu kutua katika kiwanja cha Kennedy mjini New York. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walifariki. Ndege hiyo haikushika moto, kwa kuwa haikuwa na mafuta ya kuungua. Injini zake zote nne zilikuwa zimezimika, ilhali rubani msaidizi na waongoza ndege waliendelea kuzungumza kwenye redio karibu mpaka mwisho.

Kwa kawaida lawama hutupwa kwa rubani msaidizi huyo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizungumza kwenye redio. Lawama hiyo si ya uongo, lakini ni nusu tu ya habari.

Kutokana na hali mbaya ya hewa na msongamano wa ndege, walizungushwa angani mara tatu, jumla ya saa 1 na dakika 17. Ilipokaribia saa 2.45 usiku, rubani msaidizi alisema kwamba anadhani wanahitaji kipaumbele. Alipoulizwa zaidi alieleza kuwa wanaweza kusubiri kwa dakika 5 hivi, na kwamba Boston, kiwanja chao cha akiba, hawawezi tena kukifikia. Kwa anayeijua kazi ya urubani, maneno hayo ya mwisho ni kilio. Lakini mtumishi aliyepaswa kuikabidhi ndege kwa kituo kilichofuata alisikia sehemu tu ya mazungumzo. Akapeleka habari ya dakika 5, ile ya Boston ikaachwa njiani. Waliofuata waliipokea ndege hiyo kama nyingine yoyote iliyochelewa. Watumishi wa ofisi wanaifahamu hali hii kuliko wanavyopenda kukiri: jalada hufika mezani kwa mkubwa likiwa na karatasi zote, isipokuwa ile iliyosababisha lifunguliwe.

Jaribio la kwanza la kutua likashindikana. Rubani mkuu akamwagiza msaidizi wake, kwa Kihispania, awaambie watu wa mnara kuwa wamo katika hali ya dharura. Msaidizi akaanza kwa kuukariri mwelekeo mpya aliopewa, kisha, kama mtu anayeongeza mstari chini ya sahihi ya barua, akasema kwa Kiingereza kwamba mafuta yanawaishia. Neno dharura hakulitamka. Alipoulizwa na mkubwa wake kama amewaambia, alijibu kwamba amekwisha waambia. Na bila shaka aliamini hivyo. Punde mwongoza ndege mwingine akamweleza kuwa atawapeleka maili 15 kaskazini mashariki kabla ya kuwarudisha, akauliza kama jambo hilo ni sawa kwao na kwa mafuta yao. Msaidizi akajibu kwamba anadhani ni sawa, akashukuru sana.

Shukrani hiyo haiwezi kuwa ngeni kwa Mswahili. Mgeni aliyelelewa vyema akiulizwa kama ameshiba, hujibu ameshiba. Darasa zima likiulizwa kama limeelewa, huitikia ndiyo kwa sauti moja, na mwalimu mzoefu anajua kuwa itikio hilo halimwambii kitu. Humsimamisha mtoto mmoja amweleze alichoelewa. Katika urubani, kukariri agizo kuna kazi hiyo hiyo.

Wala si suala la ugeni wa lugha peke yake. Tarehe 3 Septemba, 1974, marubani wa Uingereza waliokuwa wakiipeleka Boeing 747 Nairobi waliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 juu ya usawa wa bahari, wao wakaelewa 5,000. Kiwanja chenyewe kiko zaidi ya futi 5,300. Ndege ilifika futi 70 hivi kutoka ardhini kabla ya kupanda tena. Hakuna aliyekufa, na pengine ndiyo maana tukio hilo halisimuliwi sana.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iliwalaumu kwanza wafanyakazi wa ndege ya Avianca, ikataja pia kukosekana kwa maneno maalumu yanayoeleweka na wote kuhusu upungufu wa mafuta. Maneno hayo yaliingizwa katika kanuni za kimataifa mwaka 2012. Kabla yake, Machi 2008, masharti ya kupima uwezo wa lugha wa marubani na waongoza ndege yalikuwa yameanza kutumika. Hatua hizo ni za haki. Hata hivyo mtihani wa lugha haumfundishi mdogo kumkatalia mkubwa, na ni kosa kumwachia yeye peke yake mzigo huo. Aliye na madaraka ya kuamuru ndiye mwenye nafasi ya kuchagua swali. Swali la kama jambo ni sawa humwalika aliyeulizwa kuwa mpole. Swali la mafuta yaliyobaki ni ya dakika ngapi halijibiwi kwa ndiyo wala kwa asante. Hujibiwa kwa hesabu. Usiku ule hesabu hiyo ilikuwa dakika zipatazo 6.