Halloween Soweto West: Zimwi ni la Katoni, Mchango ni wa Kweli

Oktoba 31 inakaribia na vijana wa Soweto West, Kibera, washaanza kupanga Halloween. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tunauliza, mbona msilete mazimwi ya hadithi za shosho? Mapambo yenyewe hayahitaji pesa nyingi: katoni za dukani mnakata vinyago, nyuzi za gunia ni utando wa buibui, shuka kuukuu ni mzuka tosha. Kwa mkebe uliotobolewa wekeni tochi, si mshumaa. Nyumba zimebanana na moto hauna mzaha.

Kinachotutisha zaidi ni mchango. Mia mbili mbili za watu 20 ni shilingi 4,000, na zikiingia kwa simu ya mtu pamoja na pesa zake za kodi, zitaliwa hata bila yeye kukusudia. Chagueni mweka hazina mwenye laini ya pili. Ukimtumia, soma jina kwanza. Naye akionyeshwa meseji aangalie salio, maana feki ni rahisi kuandika. Jioni aweke hesabu kwenye grupu, hata ya gundi ya hamsini.