Naitrojeni ipo kwenye ntumba

Mwandishi, katika makala yako mifano ya mzunguko wa naitrojeni umeifuata mbali mno. Sisi wa Namanyere, huku Ufipa mkoani Rukwa, tunaikanyaga shambani.

Mvua zikielekea ukingoni, mkulima wa Ufipa huparua nyasi pamoja na mizizi yake, akazifunika kwa udongo hadi lipatikane tuta la mviringo: ntumba. Juu anapanda maharage au kunde, ndani nyasi zinaoza. Msimu unaofuata tuta linabomolewa, udongo wake unasambazwa, ndipo ulezi unapandwa, siku hizi hata mahindi. Hiyo ndiyo sheria ya uhifadhi wa maada: nyasi hazikupotea, zimegeuka.

Kwa nini ulezi usitangulie? Kwa sababu bakteria wanaoozesha nyasi zilizokomaa hujichotea kwanza naitrojeni ya udongoni, na ulezi ungebaki na majani ya njano. Maharage yana bakteria wake kwenye vifundo vya mizizi, wanaonasa naitrojeni ya hewani. (Ng'oa shina moja upasue kifundo, kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi.)

Kanuni ya mwanakemia Liebig nayo umeipa mstari mmoja tu, wakati ndiyo inayotula fedha: mavuno hupimwa na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Udongo ukikosa fosforasi, ongeza mifuko ya urea utakavyo, mahindi hayatajali. Na bado dukani, ukiulizia urea ya kukuzia, hakuna anayekuuliza kama ulipandia mbolea yenye fosforasi.