Mcheka Kiraka Hajui Nguo

Ndugu wasomaji, leo sina shairi wala hadithi. Nina hasira, na nimeona bora niilete hapa kwetu kuliko kuimalizia kijiweni.

Juzi tulikutana vijana kama kumi hivi kusomeana kazi zetu. Ilipofika zamu yangu nikasimama na karatasi zangu. Sijamaliza hata ukurasa wa kwanza, nikasikia vicheko pembeni. Kumbe hawaicheki hadithi (afadhali wangeicheka hadithi!), wanacheka viwiko vyangu. Nilikuwa nimevaa koti la sufu, la kijivu, lenye viraka viwili vya rangi ya kahawia viwikoni. Mshikaji mmoja akadakia: "Mwandishi, si ungesubiri upate hela ndiyo ununue koti?" Watu wakavunjika mbavu. Na huyo mcheshi namfahamu vizuri. Shati alilovaa kalitoa Karume kama mimi nilivyolitoa koti langu. Tofauti ni moja tu: shati lake lilikuwa limekatika kifungo cha tatu, naye kaziba kwa pini.

Sasa naomba tuulizane kwa utaratibu. Ndani ya chumba kile, mwenye kiraka na mwenye pini, nani alistahili kuchekwa?

Tusidanganyane, jamani. Mtumba tunavaa karibu sote mjini hapa. Wazee wetu waliuita "kafa Ulaya", jina la dharau na utani kwa pamoja. Kabla biashara haijalegezwa katikati ya miaka ya 1980, nguo hizi hazikuwa zikiuzwa kwa uhuru nchini Tanzania. Leo nenda Ilala alfajiri uone belo la kilo 45 linavyofunguliwa, watu wanavyogombea za juu kabla jua halijatoka. Humo wamo makarani, walimu, wanafunzi wa chuo, hata wale wanaotesa mitaani wakijifanya wameletewa nguo na shangazi aliyeko nje. Kuvaa kilichovaliwa tumeshakubali zamani. Tunachokionea aibu ni kukitengeneza. Tunataka mtumba uonekane haujawahi kuwa na kasoro, na kasoro ikijitokeza, tunautupa na kukimbilia mwingine. Hapo ndipo ninapokataa.

Nirudi kwenye koti langu, maana ndilo lililoshtakiwa. Nililinunua shilingi 5,000 kwa sababu hakuna aliyelitaka. Muuzaji alishalitupia kwenye fungu la mwisho. Bitana ilikuwa imechanika kwapani, viwiko vimelika, wadudu wametoboa matundu matatu begani, vifungo viwili havipo. Lakini sufu yenyewe ilikuwa nzima, nzito, ya kushikika. Kazi ilinichukua jioni za wiki tatu. Vifaa vyangu: sindano mbili, uzi, wembe wa kufumulia, mkasi, na pasi ya mkaa ya bibi. Basi.

Na msidhani nilizaliwa fundi. Koti langu la kwanza nililiua kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitaka litakate haraka, nikalitia kwenye maji ya moto na kulisugua kama ninayefua gunia. Wapi! Sufu haifuliwi hivyo. Joto na msuguano hufanya nyuzi zake zishikane na kukaza, na zikishakaza hazirudi. Lilipokauka likawa la kumtosha mdogo wangu wa darasa la tatu. Somo la kwanza nikalipata kwa hasara: kabla hujaigusa nguo, ijue imetokana na nini.

La pili nilienda nalo polepole. Matundu ya wadudu niliyaziba kwa nyuzi za koti lenyewe. Nilizichomoa ndani ya pindo pasipoonekana, nikazipitisha juu, chini, juu, chini, kama anayesuka mkeka, hadi tundu likafumba. Bitana niliifumua upande mmoja tu, nikashikiza kwa bandi kwanza ndipo nikashona. Viraka nilivikata kwenye suruali kuukuu iliyokwisha magotini. Kila hatua niliharakisha mara moja, nikafumua, nikarudia.

Hebu nisikilizeni hapa, maana ndiyo hoja yenyewe. Nilipofumua bega nikaona kitu ambacho sikuwahi kuonyeshwa na mtu. Mdomo wa mkono wa koti ni mpana kuliko tundu la bega unaloingizwa! Aliyelishona ameukusanya kidogo kidogo kwa sindano mpaka ukatoshea, wala hakuna mkunjo unaoonekana. Ndiyo maana bega linakaa mviringo na mkono unapata nafasi. Nimevaa makoti miaka na miaka bila kulijua hilo. Wiki tatu za viraka zikanifundisha. Anayenunua anajua bei. Anayetengeneza anajua kitu kilivyotengenezwa.

Sasa najua wasomi wetu watanirukia. Watasema: "Huyu anasifia takataka za Wazungu! Mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Nguo ya kuazima haisitiri matako!" Ndugu zangu, nawaheshimu, na sehemu ya maneno yenu ni kweli. Urafiki, Mwatex, Kiltex ni majina ambayo wazazi wetu wanayataja kama wanaotaja marehemu. Viwanda vile viliyumba kwa mengi: mashine zilichoka, mtaji ulikosekana, uendeshaji ulikuwa mbovu, kisha nguo za bei poa kutoka nje zikamalizia. Silibishii hilo. Ninalobishia ni dawa mnayoiandika.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo mwaka 2019. Kilichofuata tunakijua. Kenya ikajitoa mwaka 2017. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 za Kimarekani kwa kilo, ikashikilia msimamo wake, na mwaka 2018 Marekani ikausitisha msamaha wa ushuru kwa nguo zinazotoka Rwanda. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Mabelo bado yanafunguliwa. Tukaacha kuulizana swali dogo lililokuwa chini ya makelele yote yale: hizo nguo zetu wenyewe, atazishona nani? Serikali inaweza kuzuia belo bandarini. Haiwezi kumfundisha kijana kushona kwa tamko. Ufundi hauna ushuru wa forodha, unaingia mkononi mwa anayefumua na kushona upya, tena na tena. Kijana asiyeweza kurudisha kifungo kwenye shati la watu, leo unamdai shati la taifa?

Mnataka ushahidi? Jinzi mnazozivaa zimetokana na fundi aliyejali mahali suruali inapochanikia. Jacob Davis alikuwa fundi cherehani mjini Reno, huko Nevada, Marekani. Aliombwa ashone suruali ya kazi isiyoraruka ovyo. Akatambua kuwa pembe za mifuko ndizo zinazoachia kwanza, akazikaza kwa vijipini vya shaba. Mwaka 1873 yeye na muuza vitambaa wake, Levi Strauss, wakapewa hataza ya wazo hilo. Tazama pembe za mfuko wako sasa hivi: bado vipo. Nguo inayovaliwa dunia nzima ilianzia kwenye jicho la mtu aliyeuangalia mpasuko badala ya kuucheka.

Wengine watasema: "Hizo ni sifa za umaskini. Unataka turudi enzi za uhaba?" Hapana. Bibi yangu aliipitia miaka ile ya mwanzo ya 1980, watu wakipanga foleni kwa ajili ya khanga. Khanga yake ikichakaa ilikuwa nepi, nepi ikichakaa ilikuwa tambara la kushikia sufuria. Kola ya shati la babu ikilika, aliifumua, akaigeuza upande mzima ukawa juu, akaishona tena. Bibi alifanya hivyo kwa kukosa njia, wala simwimbii mtu uhaba. Mimi njia ninayo. Kariakoo imejaa nguo mpya za bei poa, unafua mara tatu mshono umeachia. Nimechagua. Na ninyi mnaotupa, je, mnajua zinakokwenda? Nenda Nairobi uone Soko la Gikomba kando ya mto: matambara yasiyouzika yanaishia majini. Mengi ni ya poliesta, na poliesta haiozi kama pamba. Kafa Ulaya akikataliwa huku pia, anazikwa mtoni mwetu.

Na wale wa "mafundi wako wapi, kwani lazima nishone mwenyewe?" nawajibu kwa heshima. Fundi wa barazani apewe kazi yake. Soli ya kiatu changu ikiachia simpiti fundi viatu, kwa kuwa msharasi ni wake na mkono ni wake. Lakini aliyewahi kujichoma sindano mara kumi kwa ajili ya pindo moja hawezi kumpunguzia fundi bei hadi shilingi mia tano, kisha amsimamie akimwambia "fanya chapchap". Anayejua kazi hulipa kazi.

Nikimalizia, niwageukie waandishi wenzangu, maana sisi nasi hatujambo! Tunaandika usiku mmoja, asubuhi tunataka kuchapishwa. Mhariri akiuliza habari ya sentensi iliyochanika, tunanuna. Tunaziba kwa pini. Hadithi niliyokuwa nikiisoma siku ile nilikuwa nimeifumua mara nne, na nadhani bado bega lake halijakaa sawa. Laiti mngeicheka hiyo, ningewashukuru.

Basi, nawasilisha. Siombi kila mtu awe fundi, wala simlazimishi mtu kuvaa viraka. Naomba kila mmoja wetu atengeneze kitu kimoja tu, kwa mkono wake, hadi mwisho. Zipu inayokwama: ipake nta ya mshumaa uone. Doa la kutu kwenye shati jeupe la pamba: tia ndimu na chumvi, anika juani, kisha suuza. Pindo, kifungo, chochote. Ukimaliza, uje utuambie ulichokiona ndani.

Na wewe ndugu yangu wa pini, sina kinyongo. Kifungo kinachofanana na vyako nimeshakipata, kiko mfukoni mwa koti lile lile. Tukikutana tena njoo na shati. Sindano nitakuazima. Kushona utashona mwenyewe.